Vibendera Vitatu vya Mulumba

Mulumba Nkongolo alikuwa mtu wa kukimbia kwa ubavu. Wiki nzima alichomelea vyuma katika karakana ya mgodi, na Jumapili alishika kibendera katika viwanja vya Kolwezi. Miaka kumi na mmoja aliishi kwa sheria moja: usiufuate mpira, mfuate beki wa pili kutoka mwisho, ukimhesabu na kipa. Akisogea hatua, nawe hatua. Jicho kwa beki, sikio kwa mguu unaopiga pasi. Ukigeuza shingo tu, umeshachelewa, utaona kuotea pasipo na kuotea. Mkewe Ngalula alimcheka kwamba hata sokoni alipita ubavuubavu.

Lakini hiyo ilikuwa Machi 1993, na vicheko vilikuwa vimekauka. Mgodi ulikuwa hoi, mishahara haionekani, na watu walishaonyeshwa wa kuwalaumu: Wakasai. Baba yake Mulumba ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapahapa Kolwezi, mtaa wa Manika, Kasai yenyewe hajawahi kuikanyaga. Wapi! Familia baada ya familia zilitolewa nyumbani na kwenda kulala stesheni juu ya mizigo, zikingoja treni. Yake ilibaki kwa sababu ya neno la mtu mmoja. Kisimba, mwamuzi wa kati, mwenyeji na rafiki yake, aliwaambia vijana wa mtaa: huyu namjua, mwacheni.

Jumapili hiyo timu ya mtaa, Manika, walicheza na Lubudi. Siku zote Kisimba alimpanga Mulumba upande wa ukuta, kusiko na watazamaji. Leo akamwelekeza upande wa umati.

"Kule iko matope," alisema, bila kumtazama.

Mulumba akatupa jicho ng'ambo. Pakavu, vumbi tupu. Hata hivyo akachukua kibendera chake akaenda.

Nyuma yake alikaa Mukalay, kiongozi wa vijana waliokuwa wakiwafukuza Wakasai, daftari la majina gotini. Kipindi cha kwanza Mulumba hakuinua mkono. Kipindi cha pili aliinua mara tatu, na mara ya tatu ikafuta bao la Manika la kusawazisha, dakika ya mwisho. Alikuwa sambamba kabisa na beki. Mshambuliaji alikuwa amempita beki huyo mwili mzima. Angeapa mbele ya padri yeyote.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Mukalay alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Tata Mulumba, bendera tatu, zote juu ya Manika. Lubudi hata moja. Eleza."

Mulumba alichuchumaa, akachora uwanja vumbini kwa kijiti cha kibendera.

"Mi nakimbiaka nusu moja tu ya terrain, mwenzangu ile ingine. Kwanza Lubudi njo balikuwa banashambulia huku, na habakuingia hors-jeu, habakuotea hata mara moja. Kisha batu bakabadilisha upande, Manika bakakuja huku. Lubudi balikuwa kule, kwa mwenzangu. Mi ningebainulia bendera namna gani?"

Hata mtoto angeelewa. Mukalay naye alielewa, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia: aliyechagua upande ndiye aliyeiponza Manika.

"Nani basi alikuweka hii nusu?"

Watu wote wakamgeukia Kisimba, aliyekuwa akizungusha kamba ya filimbi kidoleni. Yeye ndiye hupanga pande, kila mwamuzi anajua hivyo. Neno lake moja lilitosha kumwokoa Mulumba. Kisimba aliliangalia daftari, akauangalia umati.

"Ye mwenyewe njo aliomba," alisema.

Hakuna aliyempiga. Mukalay aliandika kitu kifupi akafunga daftari, na asubuhi yake familia ikapewa muda wa saa mbili tu kutoka nyumbani.

Stesheni walipata nafasi karibu na ukuta. Ngalula alikuwa akifunga sufuria ndani ya kitenge, na Mignonne na wadogo zake wamelala. Aliuliza bila kuinua uso.

"Tata ya Mignonne, ni kweli uliomba ile upande?"

Hasira zilimpanda Mulumba, kisha zikamshuka zote, akabaki na uchungu mtupu. Miaka kumi na minne ya ndoa.

"Hapana," alisema.

"Sawa," alijibu Ngalula, akaendelea kukaza fundo. Mulumba aliijua sauti ile kutoka uwanjani. Ni ya mchezaji anayekiona kibendera kimeinuka, akarudi nyuma bila kubisha, wala kuamini.