Wimbo wa Kumi na Nane

Dada yangu mkubwa alipoambiwa kwamba uvimbe wa shingoni mwake lazima utolewe, hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Na sauti, dokta?"

Daktari, mama mmoja mpole, hakumficha. Alisema mshipa wa sauti unapita pale pale, na ule uvimbe umeukumbatia. Atajitahidi, lakini hawezi kuahidi. Operesheni ikawekwa baada ya wiki sita.

Tulirudi Majengo, mtaani kwetu, kwa miguu, juu ya mawe meusi ya volkano. Karibu na nyumbani akasimama kunisubiri, maana alikuwa akitembea haraka kuliko mimi siku zote. "Basi nitaimba kwanza," akasema.

Kwa miaka zaidi ya kumi yeye ndiye aliyeongoza kwaya ya kanisa letu. Siku za kazi alishona nguo, cherehani yake ikiwa mlangoni ili apate mwanga, na wateja walishazoea kungoja amalize ubeti ndipo waulize kama gauni limeshakuwa tayari. Aliishi na baba yetu. Mimi naishi barabara mbili kutoka hapo na mume wangu na watoto, na kazi yangu ni kuchapa barua na kupiga fotokopi kwenye chumba kidogo mjini.

Mama hakuwapo tena. Wazazi wetu walishuka kutoka milima ya Masisi vita vilipofika shambani kwao, wakakaa chini ya turubai kambini, upande wa Lac Vert nje ya mji, na kabla hatujapata nyumba ya kuwaleta Majengo, mama akaugua na kufa. Tangu tulipomzika, baba hakumtaja. Ukianza kumzungumzia mama, alisimama polepole, akachukua kofia yake, akatoka nje.

Dada alikuwa amemtungia mama wimbo. Niliusikia mara moja, cherehani ikiwa imenyamaza. Ulikuwa wa taratibu, kwa lugha yetu ya milimani, na ndani yake hakuna kilio. Unataja tu vitu ambavyo mama alivibeba siku ile ya kushuka: sufuria, jembe, maharage nusu gunia, kuku aliyekufa njiani. Mwisho unataja koti la baba, ambalo mama alikataa kuliacha ingawa baba mwenyewe alimwambia mara tatu alitupe.

"Kwa nini humwimbii muzee?" nilimuuliza siku ile.

"Nikimwimbia uso kwa uso atatoka inje," akasema. "Lakini muziki ikiwa ndani ya mashini, papa anasikilizaka mpaka mwisho. Unamujua."

Nilimjua. Kule mlimani, Jumapili baada ya ibada, baba aliweka kaseti kwenye redio yake, akaketi, mikono juu ya magoti, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuinuka kabla upande mmoja haujaisha. Alisema aliyeimba alipanga maneno yake, na wewe uyapokee kama alivyoyapanga.

Kwa hiyo dada alipanga kurekodi nyimbo kumi, na wa mama uwe wa kumi, wa kufungia.

Studio ilikuwa chumba kimoja kwenye barabara ya uwanja wa ndege, kuta zimefunikwa kwa trei za mayai na mablanketi. Mwenyewe alikuwa kijana mchapakazi, mwenye adabu. Alisikiliza mpango wetu, akatikisa kichwa.

"Mama, kumi ni kidogo," akamwambia dada. "Zamani mutu alikuwa ananunua kaseti, anasikiliza yote. Sasa kwa internet batu banapita tu, kama sokoni. Kila wimbo ni mulango. Ukiweka milango kumi, bataingia kidogo. Weka makumi mbili na kitu."

"Nyumba yenye milango makumi mbili," dada akamjibu, "mutu atakaa wapi?"

Yule bwana akacheka, kisha akanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyeonekana kuelewa mambo ya kompyuta.

Na mimi nikasema ndiyo. Nikamwambia, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "Yaya, anasema kweli. Bote banafanya vile sasa." Kwenye simu yangu mwenyewe nilikuwa na albamu za wasanii wakubwa, za nyimbo ishirini na tano, za nyimbo thelathini, na hakuna hata moja niliyowahi kuifikisha mwisho. Sikujiuliza kwa nini. Tena kulikuwa na jambo ambalo sikulisema pale. Niliona kwamba kama sauti hii itakwenda, afadhali zibaki nyimbo nyingi kadiri inavyowezekana. Niliogopa. Nilitaka kuweka akiba ya dada yangu, kama mtu anayejaza mapipa kwa sababu amesikia maji yatakatwa.

Dada aliikunja karatasi aliyoandika nyimbo zake kumi. "Sawa," akasema.

Zikawa ishirini na mbili. Nyimbo kumi na mbili zaidi, na wiki tano zimebaki. Alitunga akiwa anashona, alitunga akiwa anapika mboga ya sombe, alichukua nyimbo za zamani za kwaya akabadilisha maneno. Mmoja aliutunga mchana mmoja akipiga pasi gauni la arusi, wimbo mfupi wa kushukuru kwa kuamka, mahadhi yake mepesi ambayo hata mtoto angeyashika. Aliuita "ule wa pasi" na alipouimba alikunja uso, kama mtu anayekula chakula kisicho na chumvi.

Kila siku baada ya kazi tulikwenda studio. Mara umeme ulikatika, tukakaa kwenye benchi tunangoja, yeye akinywa maji ya tangawizi kutoka kwenye thermosi. Wiki ya tatu sauti ilianza kukwaruza. Kwa nyimbo kumi angepumzika siku mbili kati ya wimbo na wimbo, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake ya mwanzo. Sasa siku nyingine tulirekodi mbili, hata tatu.

Kisha ukafika wakati wa kupanga. Bwana wa studio alisema nyimbo za haraka zitangulie, kwa sababu msikilizaji akichoka mwanzoni anaondoka. Wimbo wa mama, polepole vile, mrefu vile, tena kwa lugha ya mlimani, usikae mbele. Wala usikae mwisho, maana mwisho hakuna anayefika. Akauweka wa kumi na nane. Mimi ndiye niliyechapa orodha, kazini kwangu, kwa vidole vyangu hivi. Nilipomwonyesha dada karatasi, aliweka kidole juu ya namba kumi na nane.

"Huku ni mbali," akasema.

"Muzee atafika," nikamwambia. "Si anasikilizaka mpaka mwisho?"

Akakiondoa kidole.

Wimbo wa mama ulirekodiwa siku moja kabla ya ile ya mwisho. Alipofika kwenye koti, sauti ilipasuka. Aliomba arudie. Yule bwana akatazama saa, akasema kwa upole kwamba bado zimebaki nne, na umeme haujulikani. "Itapita, mama. Batu hawataona."

Operesheni ilikwenda vizuri. Uvimbe haukuwa wa ugonjwa mbaya, na jeraha lilipona upesi. Lakini dada alipoamka na kufungua kinywa kutuita, ilitoka pumzi tu. Daktari alisema tungoje, wengine hurudiwa na sauti baada ya miezi. Tulingoja miezi. Mpaka leo anaongea kama mtu anayekuambia siri, na ukitaka kumsikia ni lazima umsogelee.

Albamu ilitoka dada bado akiwa na bandeji. Jumapili moja mchana nilinunua mega za intaneti za kutosha, nikaunganisha simu na spika ndogo, nikaiweka juu ya meza ya baba. Alikuwa ametoka kanisani, hakuvua koti. Akaketi, mikono juu ya magoti. Dada aliketi kwenye kiti cha cherehani, akamtazama usoni.

Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulipofika wa tano, ule wa pasi, vidole vya baba vilianza kugonga goti. Wa nane. Wa tisa. Kwenye wa kumi na moja kichwa chake kilikuwa kimeshuka kifuani, na pumzi zake tulizisikia katikati ya muziki. Alikuwa na umri wa kutosha kulala mchana. Alipozinduka nilikuwa nimeshasimamisha.

"Nimelala," akasema kwa aibu. "Ni kosa yangu. Tutaanza tena siku ingine."

"Papa, tunaweza kuendelea pale ulifikia."

"Hapana. Hatukate kazi ya mutu katikati."

Basi Jumapili iliyofuata akaanza tena na wimbo wa kwanza. Akafika wa kumi na mbili, simu ikazimika, na umeme haukuwapo. Siku nyingine wageni wakaingia kwenye wa tisa, na baba akawapokea, kwa sababu mgeni naye hakatwi. Mara moja alifika wa kumi na tatu, macho yamemwiva, akisikiliza kwa juhudi kama mtoto anayefanya mtihani. Kila mara alipoanza, alianza mwanzo.

Nilimwambia dada, pembeni, jikoni, "Niache nimuwekee ule wa mama moja kwa moja."

Akatikisa kichwa. Nikainama nimsikie. "Usimurukishe nyimbo. Nataka afike yeye mwenyewe. Ukimwekea, atajua tumemutega, na atatoka inje."

Mara moja, baba amesinzia, niliweka kidole juu ya namba kumi na nane. Ilikuwa kugusa tu. Niliinua macho nikamkuta dada ananitazama. Nikaondoa mkono.

Kisha milio ya silaha ikakaribia mji kutoka upande wa Sake. Siku hizo tulilala chini, mbali na kuta za mbao, mtandao ulipotea, na hakuna aliyefikiria muziki. Mambo yalipotulia, baba alikuwa amepungua. Alitembea akishika vitu. Dada anasema asubuhi ile ya mwisho baba aliamka na nguvu, akanawa uso nje huku anaimba chini chini wimbo wa pasi, akakosea maneno, akayabadilisha kwa ya kwake. Akanywa chai. Akaketi kwenye kizingiti afunge kamba za viatu, na dada aliyekuwa anatia uzi kwenye sindano akasikia kiatu kikianguka.

Aliniita kwa simu. Sikuelewa chochote, pumzi tu. Nikakimbia.

Siku ya kumzika, kwaya ilikuja yote, wamevaa sare ambazo dada mwenyewe alizishona. Wimbo wa mama hawakuujua, hakuna aliyekuwa amefundishwa. Walijua wa tano. Ndio uliokuwa umesambaa, watoto wa mtaa waliuimba wakienda kuchota maji. Basi tukamsindikiza baba kwa wimbo wa pasi, ule wa kushukuru kwa kuamka. Dada alitembea katikati ya wanawake wa sauti ya kwanza, mahali pake pa siku zote, kinywa kimefungwa.

Baada ya matanga nilikwenda studio. Nilitaka kumwomba yule bwana aipunguze albamu, abakize kumi, azipange kama dada alivyozipanga mwanzo. Nilikuta mlango umevunjwa. Trei za mayai bado zilikuwa ukutani, lakini mashine hazikuwapo. Mama muuza makaa wa jirani aliniambia vyote vilibebwa siku zile za vurugu, na kijana amehamia Bukavu na familia yake. Namba yake haikupokelewa, na albamu aliiweka mtandaoni yeye. Kwa hiyo iko vile vile mpaka leo, nyimbo ishirini na mbili. Ukifungua unaona ni mara ngapi kila mmoja umesikilizwa. Ule wa kwanza watu wengi, kisha wanapungua, wanapungua, wa tano tu ndio umesimama juu. Wa kumi na nane una namba ndogo, na wengi katika hiyo namba ni mimi.

Jumapili moja nilimkuta dada peke yake anatengeneza pindo la sare ya shule. Nikaketi kwenye kiti cha baba, kisha nikahama, nikakaa kwenye mkeka.

"Yaya, unisamehe," nikasema. "Ni miye nilisema ndiyo."

Aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo. Akakata uzi kwa meno. Nikasogea.

"Ule wa mama niliimba mubaya," akasema. "Nilikuwa nimechoka. Ule wa pasi sikuupenda hata kidogo, niliufanya juu ya vile ulisema nyimbo bifike makumi mbili. Na ndio ule papa alipenda." Akanyamaza akivuta pumzi, kwa sababu maneno mengi humchosha. "Kama tungeweka kumi, angesikia wa mama. Lakini asubuhi ile hangekuwa na wimbo ya kuimba. Sijue nifanye nini na hiyo."

Hakusema kama amenisamehe. Aliniuliza kama nina mega.

Nikaweka wa kumi na nane. Tuliusikiliza sisi wawili, mlango wazi, cherehani imenyamaza. Sufuria, jembe, maharage, kuku. Kwenye koti sauti ilipasuka, na dada hakukunja uso. Alikuwa anatazama kule nje, mahali ambapo baba alikuwa anakwenda kusimama na kofia yake.

Wimbo ukaisha. Kabla hata hatujavuta pumzi, wa kumi na tisa ukaanza wenyewe, ule wa ngoma na makofi, tuliourekodi kujazia siku ile ile ya wimbo wa mama.

"Zima," akaniambia.

Nilitafuta mahali pa kugusa. Macho yangu yalikuwa yamejaa maji, sikuona vizuri, na wimbo ulikuwa umeshafika kwenye kiitikio.