Nyekundu kwa Nyekundu

Juzi hapa Kibeta pampu yetu ya maji iliungua koili, ule waya uliozungushwa ndani ya mota, na ile harufu ya vanishi ya waya ikanipandisha hasira ya zamani. Ukiniona nimenuna harufu hiyo ikipita, ujue sijakasirikia pampu.

Nilikuwa darasa la sita, Muleba. Shule yetu ilikuwa na sumaku mbili tu, vipande vya chuma vilivyobanduka rangi, na Mwalimu wa sayansi alikuwa amepaka ncha zake za kaskazini rangi nyekundu ya kucha za mkewe. Nilichaguliwa kuonyesha jaribio kwenye mashindano ya wilaya: nyekundu kwa nyekundu husukumana. Mshindi angekwenda Bukoba mjini. Wakati huo nilikuwa sijawahi kufika Bukoba, na mama alishawatangazia majirani wote kwamba naenda. Wiki nzima ya mazoezi zilisukumana bila ubishi.

Jioni ya kuamkia mashindano, Mwalimu akasema sumaku moja imechoka.

"Tuichaji kidogo," akasema, utadhani ni simu.

Akaizungushia waya, akaunga kwenye betri ya sola. Waya ukafuka moshi, vanishi ikanuka, akachomoa haraka. Mvua kubwa ilikuwa inakuja, basi akazifungasha na sote tukakimbilia nyumbani bila kuzijaribu tena.

Kesho yake, mbele ya waamuzi watatu, nikasogeza nyekundu kwa nyekundu. Zikanasana papo hapo.

"Umekosea, binti. Geuza," akasema mwamuzi mkuu.

Nikageuza moja. Sasa zikasukumana.

"Waitu, hii imegeuka," nikamwambia kwa adabu zote za Kihaya.

"Sumaku ya kudumu haigeuki. Taja kanuni."

Nikamtazama Mwalimu wangu. Akanikonyeza niseme kama tulivyokariri. Nikakataa huku machozi yananitoka, maana nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Bukoba akaenda mtoto mwingine, na mama akabaki kuwajibu majirani.

Nilipofika sekondari ndipo nikasoma kwamba umeme mkali ukipita kwenye koili kwa mwelekeo wa kinyume unaweza kuipindua sumaku iliyo ndani yake, kaskazini ikawa kusini. Kumbe nilikuwa sahihi! Nilidhani ningefurahi, lakini nilikasirika zaidi. Jambo lenyewe halikuhitaji fizikia. Sumaku zilikuwa palepale mezani, zimenasana, na watu wazima wanne walikuwa wanatazama mdomo wangu.