Twiga Halali

Maisha yake yote baba yangu alichonga twiga wa kuingia mkobani mwa mtalii. Kwa hiyo mnunuzi wa ng'ambo alipoagiza twiga mmoja mrefu kadiri kontena litakavyoruhusu, mzee alipagawa kwa furaha. Alichukua fito akaenda kupima kontena.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu Eastlands kontena ni duka: unanyolewa ndani ya kontena, unashonewa sare ndani ya kontena. Baba alipima la muuza nyama choma karibu na Soko la Burma, na yule bwana alikuwa amelikata paa na kuliinua kwa mabati ili moshi upate pa kutokea. Baba hakuuliza. Baba huwa haulizi.

Siku ya kupakia, twiga aligonga kichwa juu ya mlango.

"Mzee, hii haiingii," alisema jirani yetu, dereva wa malori ya Mombasa. "Hii ni kontena, si kanisa. Tukate shingo kidogo?"

Baba alimtazama kana kwamba amesema tumkate mama.

"Si alale?" mama akauliza.

"Twiga halali!" baba akang'aka. "Husinzia wima."

"Halali ni mwenye karatasi, mzee, na huyu anazo," dereva akadakia. "Tumlaze."

Nilimhurumia. Huyo ndiye twiga pekee ambaye baba aliwahi kumpa urefu autakao, na alitaka afike ng'ambo akiwa mzima, asimame. Mwishowe alikubali shingo upande, yeye na twiga wake. Ila kwanza alikimbia nyumbani akaleta blanketi la kitandani kwao, akamfunga shingoni. Blanketi hilo lilitoka Uchina, likapitia bandari ya Mombasa kama thermosi ya mama na viatu vyangu, na sasa likarudi njia ileile. Dereva alisema kontena nyingi hurudi tupu. Zilizobahatika hubeba majani chai, kahawa, maparachichi, "na twiga ya mzee, imejifunika ka mtalii."

Meli ikachelewa. Baba akakosa usingizi. Kila mara dereva aliporudi kutoka Pwani, alimkuta mzee langoni.

"Ishapakiwa?"

"Bado, mzee. Kule bandarini kontena zimepangwa ka matofali. Yako iko katikati, imetulia."

"Bado amelala?"

"Amelala fofofo."

Baba alirudi ndani bila kuaga. Ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya Nairobi haina adabu. "Twiga amejifunika," mama alinung'unika kila usiku, "mimi natetemeka."

Hatimaye picha ikaingia kwenye simu yangu: duka la ng'ambo, dirisha pana la kioo, na twiga wetu, shingo nzima. Baba aliishika simu kwa mikono miwili.

"Amesimama," alisema.

Akanirudishia, akaenda kujilaza mchana kweupe, akaanza kukoroma papo hapo. Mama alimfuata akilalamika kwamba nyumba haina blanketi, kisha akatoa koti lake la kanisani akamfunika.