Siku Niliyoleta Boga Darasani

Mimi nina hasira za karibu, nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa. Nilizibeba kutoka kwetu bara nilipoletwa kufundisha darasa la pili huku Garissa, na joto la huku halikuzipunguza.

Muhula ule nilipokea msichana aliyetoka porini upande wa Griftu, baada ya ukame kumaliza mifugo ya kwao. Wenzake walikuwa na miaka kadhaa ya Kiswahili cha shule. Yeye alikuwa na wiki tatu. Nikimuuliza, kimya. Nikirudia, kimya. Jumatatu moja mama yake alipomleta, nikamwambia pale langoni, wanawake wengine wakisikia, kwamba mtoto wake ni mzito na hapa anapoteza wakati tu. Mmoja wa wanawake hao akamtafsiria. Baadaye nikasikia ameamua: Alhamisi, lori la mifugo likirudi Griftu, mtoto arudi nalo kwa nyanya yake akachunge mbuzi wachache waliobaki. Nami, Mungu anisamehe, nikaona afadhali.

Jumatano nikaleta boga kubwa nililonunua kwa wakulima wa kando ya Mto Tana. Nilikuwa nimechoka na picha za vitabuni. Nilitaka watoto walishike, walizungushie kamba walipime, tulipasue, tuhesabu mbegu, kisha mpishi wa shule atupikie. Nikaliweka mezani, nikasema kwa sauti, "Haya, boga!"

Yule msichana akafungua kitabu.

Nikamwambia afunge, atazame mezani, aseme boga. Akafungua tena, mahali pengine. Wenzake wakacheka. Hapo nikapandwa na mori, maana nilidhani ananifanyia mzaha. Nikapiga meza, nikarudia boga, boga, boga, naye akawa anapekua kitabu mbio mbio huku machozi yanadondokea karatasi.

Mpishi, mama wa Kisomali aliyekuwa anangoja mlangoni na kisu chake, ndiye aliyenishika mkono.

"Mwalimu, wacha yeye. Kwa Kisomali bogga ni ukurasa. Wewe nasema ukurasa, yeye nafungua ukurasa."

Mtoto alikuwa akinitii muda wote ule, tena kwa bidii, na mimi namfokea! Kweli ulimi hauna mfupa.

Mpishi akalipasua boga. Nikamwita msichana awe wa kwanza kutia mkono. Akachota nyuzi na mbegu, akanusa, akatabasamu kidogo, akalitaja kwa Kisomali: bocor. Nikajaribu. Ile sauti ya katikati hutoka kooni kabisa, na koo langu halikuijua. Akatikisa kichwa, akarudia polepole, mara tano, mara sita, bila kunikasirikia hata kidogo. Kisha akagusa tunda, akasema boga. Akagusa kitabu, akasema bogga. Akanitazama usoni aone kama nimeelewa. Nilielewa. Nikaona haya ambayo sijapata kuona mbele ya mtu mzima yeyote.

Alhamisi asubuhi mama yake akaja naye kuchukua daftari zake. Nilimvuta kando, nikamwomba mpishi atutafsirie. Nikamwambia kwamba mtoto si mzito, kosa lilikuwa langu, na nikamsihi asimpandishe kwenye lori lile. Alinisikiliza hadi mwisho, akajibu kifupi, na mpishi akaniletea maneno yake huku akiangalia chini.

"Siku ile ulisema mbele ya watu. Leo mbona unanong'ona?"

Basi nikatoka mpaka langoni, kwa akina mama walioleta watoto wao, nikasema kwa sauti yangu ya darasani kwamba mtoto huyu ana akili, na aliyeshindwa kuelewa ni mwalimu. Mpishi akatafsiri. Wengine wakatazamana, mmoja akacheka. Mama wa msichana akangoja tumalize. Kisha akamrudishia mtoto daftari zake, moja baada ya nyingine, akaenda peke yake kumwambia dereva wa lori asimngoje.