Mahindi ya Itaka Mbele ya Kamati

Kosa litakaloonekana katika masimulizi haya ni letu sisi watafiti: huwauliza watu maswali mbele ya wale wanaowaogopa, kisha huyapeleka majibu yao kwa watunga sheria kana kwamba ndiyo ukweli. Ripoti ya kwanza ya taasisi yetu, isiyotegemea fedha za serikali, ilidai kwamba wakulima wa Mbozi wameridhika mahindi yao yasivuke mpaka kwenda Zambia. Kamati ya Bunge ilikuwa ikiisubiri. Mimi sikuiamini, nikaomba kwenda kuhakiki. Hakuna mwenzangu aliyetaka kufuatana nami.

Nililala Mbeya, na kesho yake mchana nikashuka Tunduma. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi Chapwa. Madereva walipika ugali kando ya matairi na kutaniana kwa Kiswahili na Kibemba. Niliingia mgahawani kunywa chai.

"Mzee, unasubiri mzigo?" aliuliza mwenye mgahawa, mfanyabiashara mwenye kofia ya kiua.

"Sina mzigo."

"Kuna mtu unayemsubiri?"

"Hapana."

"Sasa Tunduma umefuata nini, vumbi?"

Waliokuwepo walicheka. Nilicheka nao, nikalipia chai, nikaenda kutafuta pa kulala. Katika nyumba ya wageni nilisikia kupitia ukutani dereva akiwapigia simu watoto wake, akimtaja kila mmoja kwa jina. Mimi sikuwa na wa kumpigia.

Vwawa, asubuhi iliyofuata, nilipata kibali cha wilaya, nikapanda gari la kwenda Itaka.

Itaka nilipokewa na mtendaji wa kijiji, suruali yake imepigwa pasi ikakolea mistari. Aliwaita wakulima, akaketi kando yangu. Kila niliyemuuliza alimtazama yeye kwanza, kisha akanijibu kwamba kufunga mpaka ni jambo jema. Mama mmoja mjane alijibu hivyo hivyo, halafu akaniambia, "Baba, sisi tuna mahindi ya kupukuchua. Kama una mengine ya kuuliza, njoo ukae mkekani."

Nilikwenda. Mtendaji alibaki kwenye kiti chake.

"Naye mkaribisheni," nilisema.

"Yule?" mama alicheka. "Akae chini na wanawake, pasi yote ile iharibike?"

Vidole vyangu viliuma haraka, wanawake wakanitania kwamba nimezoea kalamu. Kisha mama akashusha sauti.

"Mpaka ukifungwa mahindi bado yanavuka, baba. Yanapita njia za panya, na mlanguzi anatupangia bei anayotaka. Ukiwa wazi, mnunuzi anakuja mchana, tunabishana naye."

"Mbona muda ule ulisema vingine?"

"Muda ule alikuwepo anayegawa vocha za mbolea. Mimi bila mbolea sivuni. Andika, lakini jina langu liache."

Nilirudi peke yangu, nikaiandika ripoti upya. Wenzangu ofisini waliniona msaliti, wakaacha kuniita kwenye chakula cha mchana.

Dodoma, mbele ya kamati, mbunge mmoja alinisimamisha. "Mkulima huyu ni nani? Mtaje, au kubali umemtunga."

Nilijua kwamba kulitaja jina lile kungeiokoa ripoti, na kungemnyima mama yule mbolea. Nikajibu kwamba sitalitaja. Wajumbe waliguna, nami nikasimama pale kama mtu aliyeshitakiwa. Hatimaye mwenyekiti akasema, "Basi twende Itaka wenyewe, bila msafara wala watendaji." Walikwenda, wakakaa mikekani, na waliporejea wao wenyewe ndio waliopendekeza mpaka ufunguliwe.

Nilichojifunza ni kwamba utafiti hauwi huru kwa sababu tu serikali haiulipii. Huwa huru pale anayeulizwa anapoweza kujibu na bado akalima msimu ujao.

Mpango wa vocha ulipokoma, nilimpigia simu mama yule kumwomba ruhusa ya kumtaja. "Taja tu, baba," alisema, "sasa watanifanya nini?"

Anaitwa Felista Nzowa.