Kandambili za Bibi Juu ya Meza

Siku ile nilijiona mwerevu kupita kiasi. Watoto wa klabu yetu ya vitabu hapa Songea walikuwa wamechoshwa na kuchora majalada na kujibu maswali, basi baada ya wiki kadhaa za kusoma hadithi za upelelezi, nikaamua kuwatungia mkasa wao wenyewe. Saa ya ukutani ya chumba tunachoazima kwa mikutano ingeibwa. Wao wangekusanya dalili, kisha kila mmoja angeandika mwisho wake: mwizi ni nani na kaiba kwa nini. Nilitegemea kusoma habari za fisi aliyevaa koti.

Jumamosi nikawahi kabla yao. Saa nikaitia kwenye mkoba wangu. Zilibaki nyayo za mwizi. Viatu vyangu sikutaka kuvichafua, ila pale mlangoni palikuwa na kandambili za bibi anayetufanyia usafi, mama mtu mzima wa Mpitimbi, ambaye hupiga deki pekupeku. Yeye alikuwa nyuma, kwenye veranda. Nikazikanyagisha kwenye tope jekundu la nje, nikazikandamiza sakafuni kutoka dirishani hadi ukutani, nikazirudisha. Hata kuzifuta sikuzifuta.

Watoto kumi na mmoja walifika, wakaona ukuta mtupu, wakashangilia. Niliwaachia daftari, uzi na rula, nikatoka kufuata maandazi. Sikumaliza hata robo saa.

Nikarudi. Bibi alikuwa amesimama pekupeku katikati ya chumba, mikono nyuma, watoto wamemzunguka. Kandambili zake zilikuwa juu ya meza, zimepinduliwa. Ya kulia ilikuwa imelika kisiginoni, sawasawa na alama iliyokuwa sakafuni.

"Mwalimu, tumemkamata!" alisema binti wa miaka kumi aliyeshika daftari. "Tulimwamkia kwanza, ndiyo tukamuuliza. Amekubali."

Nilidhani bibi anawafurahisha watoto, nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nisamehe, mwalimu," alisema. "Ni mimi. Saa nitairudisha Jumatatu. Usimwambie tu mwenye chumba, ataniachisha kazi."

Mfuko wa maandazi ulinitoka mkononi na wala sikuinama kuuokota. Nikafungua mkoba, nikaitoa saa, nayo bado inakwenda.

"Bibi, saa ninayo mimi! Huu ulikuwa mchezo. Wewe hujaiba kitu!"

"Najua sijaiba," alijibu.

Binti wa daftari ndiye aliyeuliza: "Sasa bibi, ulikubali kwa nini?"

"Nyumba ya kwanza niliyofanya kazi ilipotea sukari, nikakataa. Wakanifukuza. Ya pili kikapotea kitenge, nikakubali, nikapiga magoti. Wakaniacha niendelee na kazi."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilijichukia pale pale, mbele ya wale watoto. Nikaanza kuomba radhi, nikaeleza habari za tope na za viatu vyangu, maneno yakigongana. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia binti wa daftari.

"Mjukuu wangu, naweza kuchukua kandambili zangu?"

Akabaki amesimama, anasubiri aruhusiwe.