Mguu Chini ya Pazia

Barua ilifika mwezi wa pili, theluji imejaa mpaka kwenye vioo vya magari, na mimi nina miezi kumi na moja Toronto kwa viza ya matembezi. Mume wangu alikuwa na ukaazi wa kudumu, na alishaniombea nami nipewe kama mke wake. Tulikuwa tunasubiri. Ukiwa kwenye kusubiri huko hufanyi kazi, kadi ya afya huna, na mimi nina pumu tangu utotoni. Nikikohoa kidogo tu, mume wangu ananijia na sweta, utadhani sweta ni dawa.

Barua ilisema kwa adabu zao kwamba katika picha za harusi tulizopeleka, bibi harusi haonekani. Tufike wote wawili kwa mahojiano wiki ijayo, tuthibitishe kwamba ndoa yetu ni ya kweli.

"Haonekani vipi?" nikafoka. "Kwani bibi harusi anakaa na wanaume?"

"Mke wangu, usinigombeze mimi. Sikuiandika mimi."

Picha zenyewe zilikuwa za siku ya kufunga ndoa, sebuleni kwetu Tanga. Mume wangu kavaa kanzu na joho, kaketi kwenye mkeka, kamshika baba yangu mkono, sheikh yuko kati yao. Kwetu hiyo ndiyo ndoa, hakuna zaidi ya hapo. Asiyejua mila zetu anaona wanaume wawili wameshikana mikono, basi. Picha zangu zilipigwa ndani, kwa wanawake, niko kichwa wazi, nimechorwa piko hadi magotini. Hizo nilimwachia mama sandukuni. Mume wangu alipoziulizia mwanzoni nilimwambia nywele zangu hazitazamwi na karani nisiyemjua, nikanuna siku mbili, akaacha. Kwa hiyo kosa lilikuwa langu. Mama hana simu ya kupigia picha, na hata angezituma kwa posta siku hiyohiyo, zisingewahi.

Ombi likikataliwa, naondoka nchini. Yeye anabaki na kazi yake ya kiwanda cha mikate, au anaacha kila alichokijenga kwa miaka saba anifuate. Tulikaa jikoni kwetu Etobicoke, hukohuko Toronto, ghorofa ya kumi na moja, barua ipo mezani, chai imepoa. Niliogopa, sisemi uongo. Niliogopa mpaka nikashindwa kumaliza mkate.

Tena kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Swali lao lile, kama ndoa yetu ni ya kweli, nilikuwa nalo mimi mwenyewe.

Ndoa yetu waliipanga wakubwa. Yeye alikuja likizo ya wiki tatu, tukaonana mara mbili, shangazi yangu katukalia katikati. Siku ya ndoa nilitakiwa nitulie chumbani. Shangazi alipotoka kwenda kuangalia pilau, mimi huyo, nikanyata mpaka kwenye mlango wa sebule, nikasimama nyuma ya pazia. Bibi harusi gani anafanya hivyo? Lakini nilitaka nisikie kwa masikio yangu. Nikamsikia baba akisema nimekuoza binti yangu. Halafu kimya. Sheikh akakohoa. Baba akarudia. Bado kimya. Mtu mmoja akacheka puani. Ndipo nikasikia, kwa sauti ndogo, "Nimekubali."

Wanawake walinitania wiki nzima kwamba bwana harusi wangu kaona haya. Nikawa nacheka nao, huku roho inaniuma. Mtu anayekutaka anakawia hivyo? Kimya kile nilipanda nacho ndege.

Si kwamba alinitesa, hasha. Alikuwa akirudi na unga kwenye nyusi, anaosha vyombo bila kuambiwa, ananifundisha kupanda basi bila kunicheka. Lakini mtu anaweza kukutendea wema kwa kuwa amelelewa vizuri tu. Alikuwa mkimya, nami sikuthubutu kuuliza, nisije nikajibiwa.

Siku ya mahojiano walimwita yeye kwanza. Alikaa ndani muda mrefu, alipotoka hakunitazama. Nikasema moyoni, leo tumekwisha. Kisha nikaitwa mimi.

Loo! Afisa alikuwa mwanamke, mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani. Ningejua ningeagiza sanduku zima! Pembeni yake alikaa mkalimani, mama wa Kikongo mwenye kitenge juu ya koti la baridi. Afisa akauliza mume wangu analala upande gani, anakula nini asubuhi, ana kovu wapi. Nikajibu yote. Hakutabasamu. Akatoa picha moja, akaisukuma mbele yangu, akaweka kalamu kwenye pembe ya juu, nyuma ya bega la sheikh.

"Anauliza, mama," mkalimani akasema, "huu muguu ni ya nani?"

Nikainama. Picha ile nilishaitazama mara ngapi, nikitazama uso wa mume wangu, nikitafuta kama alifurahi. Pazia sikuwahi kulitazama. Chini yake ulitokeza mguu mmoja, mweusi wa piko, na kidole cha mwisho kimempanda jirani yake.

Nikamwambia mama wa Kikongo, "Mwambie ni wangu. Mwambie nilitoroka chumbani. Na tafadhali, jambo hili lisifike kwa mama yangu."

Mama yule akacheka mpaka kitenge kikamteleza, kisha akatafsiri. Afisa akasubiri. Nikaona maneno hayatoshi. Nikavua kiatu cha theluji, nikavua soksi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, maana nilikuwa na tatu, nikaunyanyua mguu wangu pale ofisini. Kidole cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake, kama nilivyozaliwa nacho.

Afisa akavaa miwani. Akatazama mguu, akatazama picha, akaandika kwa muda. Kisha akasema, na mama wa Kikongo akatafsiri huku anajifuta macho: mume wako naye alisema hivyohivyo, kwamba mke wangu yupo pichani, muulizeni kuhusu kidole. Ombi limekubaliwa.

Nilivaa soksi zangu nikiwa nalia, nikazivaa nje ndani.

Kwenye basi tulikaa siti ya nyuma. Nje theluji, ndani madirisha yana ukungu. Nilikuwa na karatasi ya kubakia nchini mkobani, ningeweza kunyamaza nikashukuru Mungu. Sikuweza.

"Kumbe uliniona," nikasema.

"Nilikuona."

"Tangu lini?"

"Tangu baba yako hajaanza kusema."

"Basi kwa nini ulinyamaza vile? Mwaka mzima najiuliza. Kama hukunitaka, niambie leo, nimeshachoka kukisia."

Akanigeukia. Sikumbuki kama aliwahi kunitazama vile kabla ya siku hiyo. "Kutokukutaka?" akasema. "Mara zote mbili tulizoonana, shangazi yako ndiye aliyekuwa anajibu. Hakuna aliyeniambia wewe mwenyewe unasemaje. Nikaona mguu wenye piko ya bibi harusi. Nikasema, kama hataki, akisikia anaozwa atauvuta ndani, nami nitasimama niondoke, lawama ziwe zangu. Sheikh anakohoa, baba yako anarudia, mimi namngoja mwenye mguu."

"Ehe?"

"Hukuuvuta."

Nilivua glavu, nikamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Kituo chetu kilipita, wala hakuna kati yetu aliyebonyeza kengele.